Kitambi hakiletwi na karamu, huletwa na mazoea

Jumamosi moja ya mwaka wa 2022 niliandamana na wanafunzi wa kidato cha tatu katika ziara ya kupanda Milima ya Ngong. Asubuhi ilikuwa nzuri, upepo ulivuma, nao vijana walikuwa wakiimba. Mimi ndimi niliyekuwa kiongozi wa msafara. Kabla ya kufika kileleni mwa kilima cha kwanza, pumzi zilinikatika, miguu ikagoma, nami nikajishika magoti kwa mikono miwili kama mzee wa miaka tisini.

Kijana mmoja aliupokea mkoba wangu bila kuombwa. "Mwalimu, keti kwanza upumzike," akaniambia. "Sisi tutakungoja." Hakusema kwa dharau. Alisema kwa heshima na huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyonichoma. Nilikuwa na umri wa miaka 47.

Juma lililofuata nilikwenda kupimwa. Uzani wangu ulikuwa kilo 94 kwa kimo cha sentimita 170. Kiuno changu kilikuwa sentimita 109, ilhali Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwanamume apitapo sentimita 102, na mwanamke apitapo 88, hatari ya maradhi huongezeka sana. Shinikizo la damu lilisoma 158 kwa 100.

Nilizitazama tarakimu hizo nikamkumbuka marehemu baba. Naye alikuwa mwalimu. Kisukari kilimla polepole, kikamnyang'anya mguu wa kulia, kisha kikamnyang'anya uhai. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mficha maradhi kilio humfichua.

Daktari, mwanamke kijana ambaye angaliweza kuwa mwanafunzi wangu, aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, kwa siku moja unakula nini?"

"Ninakula kidogo sana, Daktari," nilijibu bila kupepesa macho. "Kiamsha kinywa sili. Chakula cha mchana ni kidogo. Sijui unene huu unatoka wapi."

Hakubishana nami. Alinishauri ninunue daftari la mwanafunzi, niandike kila kitu kipitacho kinywani mwangu kwa muda wa siku saba, hata kama ni punje ya njugu. Nilicheka. Nilipomaliza juma hilo sikucheka tena.

Ndugu msomaji, hoja yangu leo ni hii: mafuta yatulemeayo wengi wetu hayakuletwa na karamu za Krismasi wala arusi za mwezi wa Agosti. Yaliletwa na mambo madogo tuyafanyayo kila siku, madogo kiasi kwamba hatuyahesabu. Na kwa kuwa hatuyahesabu, tunapotaka kupunguza unene tunashambulia ugali, tunauacha uovu wenyewe umekaa mezani ukitucheka.

Wala si mimi peke yangu niliyejidanganya. Mwaka wa 1992 watafiti wa New York walichapisha uchunguzi kuhusu watu kumi waliodai kwamba wanakula kidogo na bado hawakondi. Walipopimwa kwa njia za kisayansi, ilibainika kwamba walikuwa wakiripoti takribani nusu tu ya chakula walichokula, na kwamba waliikadiria kazi ya miili yao kuwa kubwa kupita ilivyokuwa kwa nusu nzima. Hawakuwa waongo. Walikuwa wamesahau, kama nilivyosahau mimi.

Hebu basi tulifungue daftari langu, nalo nililisahihisha kwa kalamu nyekundu.

Kosa la kwanza lilikuwa chai. Katika majilisi ya walimu, chai ya saa nne ni ibada. Birika huletwa likifuka mvuke, maziwa yamejaa, na bakuli la sukari huzunguka kutoka meza hadi meza. Nilikuwa nikinywa kikombe kimoja nyumbani alfajiri, viwili saa nne, kimoja saa kumi, na kimoja baada ya kurejea nyumbani. Nilipojumlisha vijiko vya sukari nilipata kumi na vitatu. Kijiko kimoja cha chai, kikiwa hakikujazwa pomoni, kina gramu 4 za sukari. Hizo ni gramu 52, yaani zaidi ya kilokalori 200, kabla sijatia tonge kinywani.

Katika mwongozo wake wa mwaka wa 2015, Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba sukari iongezwayo katika vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nguvu tuzipatazo kwa siku. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50. Likaongeza kwamba ni bora zaidi isizidi nusu ya hiyo, yaani vijiko sita. Kumbe mimi nilikuwa nimekwisha kuvuka mpaka kwa chai pekee! Na bado sikuwa nimeitaja soda. Chupa ya nusu lita ya soda ya kawaida ina zaidi ya gramu 50 za sukari.

Ubaya wa sukari iliyo katika kinywaji ni kwamba tumbo haliitambui vyema kama chakula. Mtu akila mahindi ya kuchemsha yenye kilokalori 200 atahisi ameshiba kidogo, na mlo ufuatao atapunguza. Akinywa kiasi hichohicho katika soda, mlo ufuatao ataula wote kana kwamba hakunywa chochote.

Kosa la pili lilikuwa mafuta ya kupikia. Hili sikuliona daftarini, maana mafuta hayaandikwi. Hujificha ndani ya sukumawiki. Nilimuuliza mke wangu dumu la lita tatu hutuchukua siku ngapi. Akaniambia ni majuma mawili. Tuko watu watano nyumbani. Ewe mwanafunzi wa hisabati, ifanye hesabu hiyo nami: mililita 3,000 ukizigawa kwa watu watano kwa siku 14, unapata takribani mililita 43 kwa kila mtu, yaani karibu vijiko vitatu vikubwa. Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, ilhali gramu moja ya wanga au sukari ina 4 tu. Kila mmoja wetu alikuwa akila zaidi ya kilokalori 340 za mafuta ya dumu kila siku.

Hapa ndipo ugali unapoonewa. Mara ngapi tumemsikia mtu akisema, "Mimi nimeacha ugali, sasa ninakula chapati mbili tu"? Ugali hupikwa kwa maji na unga. Chapati hukandwa kwa mafuta, ikapakwa mafuta, ikakaangwa kwa mafuta. Sisemi kwamba ugali hauna idadi yake, lakini Mgala muue na haki yake umpe.

Kosa la tatu ndilo nililokuwa nikijivunia: kukaa na njaa mchana. Walimu wengi hutoka nyumbani gizani bila kula, wakashinda kwa chai na mandazi, kisha wakafika nyumbani saa mbili za usiku njaa ikiwauma kama msumeno. Mtu aliye katika hali hiyo hali, bali hulipiza kisasi. Daftari langu lilionyesha kwamba mlo wa usiku ulikuwa mkubwa kuliko milo yote mingine ya siku ikijumlishwa. Nililiita jambo hilo "kula mara moja kwa siku", na watu wakanisifu kwa kujinyima.

Kosa la nne ni kuketi. Nilipoanza kazi nilikuwa nikitembea kilomita tatu kutoka nyumbani hadi shuleni. Siku hizi bodaboda hunichukua mlangoni na kunishusha langoni. Nafundisha nimesimama, ni kweli, lakini vipindi vikiisha naketi kusahihisha, naketi mkutanoni, naketi garini, kisha naketi mbele ya runinga.

Mwaka wa 2005, Daktari James Levine na wenzake wa Mayo Clinic nchini Marekani walionyesha kwamba watu wanene katika uchunguzi wao walikuwa wakiketi muda wa saa mbili hivi zaidi kila siku kuliko wembamba. Walikadiria kwamba kama wanene hao wangesimama na kutembeatembea kama wenzao, wangetumia kilokalori 350 zaidi kwa siku. Hawakuwa wakizungumzia mbio wala kunyanyua vyuma. Walizungumzia kusimama, kufagia, kupanda ngazi na kwenda dukani kwa miguu.

Hata hivyo sitaki nieleweke vibaya. Kosa la tano, ambalo ni pacha wa hilo la nne, ni kuamini kwamba mazoezi hufuta kila kitu. Baada ya lile tukio la Ngong nilijiunga na walimu wenzangu waliokuwa wakicheza kandanda kila Ijumaa. Baada ya mchezo tulikuwa tukienda kula nyama choma na kunywa soda, na wengine vinywaji vikali zaidi, kwa kisingizio kwamba tumeitoa jasho. Mtu wa uzani wangu atembeapo kwa kasi saa nzima hutumia kilokalori 300 hadi 400. Soda moja ya nusu lita na mandazi mawili hurejesha zote kwa dakika kumi.

Ushahidi wa jambo hili umetoka karibu nasi. Wahadza, wanaoishi kwa kuwinda na kuchuma matunda, mizizi na asali karibu na Ziwa Eyasi kaskazini mwa Tanzania, hutembea sana: wanaume wao hufika kilomita 11 hivi kwa siku. Mtaalamu Herman Pontzer na wenzake walipopima nguvu wazitumiazo, wakachapisha matokeo mwaka wa 2012, walikuta kwamba, ukizingatia ukubwa wa miili yao, hawatumii nguvu nyingi kuliko watu wa Marekani na Ulaya wakaao maofisini. Mwili una hila zake. Ukiutumikisha huku, hujipunguzia matumizi kule. Mazoezi ni dawa ya moyo, ya mapafu, ya mifupa na ya akili, na atakayeyaacha atajuta. Lakini kitambi huanzia sahanini.

Pontzer huyohuyo, pamoja na wataalamu wengi wa nchi mbalimbali, alitunyang'anya kisingizio kingine mwaka wa 2021. Walipochunguza takwimu za watu zaidi ya 6,400, waliona kwamba matumizi ya nguvu za mwili, ukubwa wa mwili ukizingatiwa, hayabadiliki sana kuanzia umri wa miaka 20 hadi 60. Mimi nilikuwa nikisema, "Ni umri tu." La hasha! Haukuwa umri. Ilikuwa chai.

Kosa la sita ni usingizi. Nilikuwa nikilala saa sita za usiku na kuamka saa kumi na moja za alfajiri. Saa za katikati ya jioni zilimezwa na simu. Mwaka wa 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwanyima usingizi vijana 12 wenye afya kwa usiku mbili tu, wakilala saa nne kila usiku. Homoni ya leptini, iuambiayo ubongo kwamba tumeshiba, ilipungua kwa asilimia 18. Homoni ya grelini, iamshayo njaa, iliongezeka kwa asilimia 28. Vijana hao walitamani hasa vitu vitamu na vyenye chumvi. Basi mwalimu asinziaye saa nne na kunyosha mkono kuelekea mandazi huwa anatii amri ya mwili uliochoka.

Haya sita ni yangu. Yako liko moja ambalo ni letu sote, nalo ni gumu kuliko yote: mila ya kula kwa ajili ya heshima. Katika nchi yetu mgeni hakatai chai. Ukienda nyumba tatu kwa siku moja, utakunywa chai mara tatu. Ukikataa, mwenyeji hununa, akadhani umemdharau au umeogopa kulishwa sumu. Fauka ya hayo, tumelelewa tukiamini kwamba kitambi ni dalili ya mambo mema. Mwanamume akinenepa baada ya kuoa, mkewe husifiwa. Akikonda, watu hunong'ona kwamba ana ugonjwa au ana shida. Mimi mwenyewe nilipopungua kilo nne za kwanza, mwalimu mwenzangu alinivuta kando akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nyumbani kuna amani?"

Matokeo ya mazoea haya yako wazi. Utafiti wa kitaifa kuhusu hali ya watu na afya wa mwaka wa 2008 na 2009 ulionyesha kwamba robo moja ya wanawake wa Kenya wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzani uliozidi kiasi. Ule wa mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba wamefika asilimia 33, yaani theluthi. Nchi ambayo ingali inapambana na utapiamlo wa watoto wake imebeba na mzigo huu wa pili.

Je, tuwalaumu watu kwa ulafi? Sidhani. Chakula cha bei nafuu mjini ni kile kilichojaa unga mweupe, sukari na mafuta. Mwalimu mwenye mshahara mdogo na safari ya saa mbili jioni hana nafasi ya kupika maharagwe. Wako pia watu wanenepao kwa sababu ya maradhi ya tezi au dawa wanazotumia, na hao wanahitaji daktari, si mahubiri. Juu ya hayo, mwili wenyewe hupigana na mtu apunguzaye uzani: njaa huzidi, na nguvu unazozitumia hupungua. Ndiyo maana atakaye kupungua kilo kumi kwa mwezi kwa kunywa maji ya ndimu hurudi alikotoka, mara nyingi na ziada.

Nanyi wanafunzi, nina maneno mawili kwenu. La kwanza ni onyo. Msiyachukue maneno yangu mkaanza kujinyima chakula. Mwili wa kijana ungali unajengwa, unahitaji ugali wake, maharagwe yake, mboga na maziwa yake. Kinachowadhuru ni soda za kantini, vitafunio vya pakiti, na simu za usiku wakati wa likizo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba vijana wa umri wenu wapate walau dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku. Kipindi cha michezo si cha kumalizia silabasi ya kemia, na hapa nawatazama pia walimu wenzangu.

La pili ni ombi. Mwacheni mwenzenu mnene. Yale majina ya kejeli mnayombandika hayamkondeshi hata gramu moja. Humfanya ajifiche uwanjani, ale peke yake, na akichukie kioo. Yule kijana wa Ngong alinifundisha kwamba yawezekana kumwona mtu ameshindwa, ukampokea mkoba, ukamngoja.

Nilifanya nini mimi? Sikuacha ugali. Nilianza na kijiko. Mwezi wa kwanza nilitoka vijiko kumi na vitatu vya sukari hadi vinane, mwezi wa pili hadi vitano, na sasa chai ya saa nne naivumilia bila sukari. Ulimi umezoea, na mandazi nimeyabadilisha kwa ndizi. Nyumbani dumu la mafuta sasa hutuchukua karibu mwezi mzima, kwa kuwa mke wangu hupima kwa kijiko badala ya kumimina. Ninakula asubuhi, mayai au viazi vitamu, na mchana nashiba, ili usiku nisilipize kisasi. Bodaboda hunishusha kilomita mbili kabla ya shule. Simu hulala sebuleni.

Yalikuwa mambo rahisi kuyaandika na magumu kuyatenda. Siku ya tatu bila sukari ya kutosha nilimgombeza mwanafunzi asiye na hatia. Nilianguka mara nyingi, hasa katika mazishi na sherehe za mwisho wa mwaka. Lakini nililiweka daftari mezani, na kila nilipoanguka niliandika. Kwa muda wa miezi kumi na minne nilipungua kilo 11 na sentimita 10 za kiuno. Shinikizo la damu limeshuka, ingawa dawa ningali ninameza, na daktari hajaniruhusu kuziacha.

Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba. Ndivyo tulivyojaa, kijiko kwa kijiko, hatua moja tusiyotembea kwa hatua nyingine. Lakini Waswahili haohao husema pia kwamba bandu bandu huisha gogo. Gogo langu halijaisha, ila nimekwisha kuuona moyo wake.

Rai yangu kwa walimu wenzangu ni moja. Kesho birika litakapoletwa, kabla bakuli la sukari halijakufikia, toa daftari. Andika kwa siku saba, pasi na kudanganya, kisha lisahihishe kama ulisahihishavyo la mwanafunzi wako. Alama utakazopata zitakuuma. Mimi ziliniuma. Lakini ni heri kuumwa na kalamu nyekundu leo kuliko kuumwa na msumeno wa mpasuaji kesho, kama alivyoumwa baba.